Mtoto Aliyelia Upande wa Pili wa Ua

Usiku kulisikika kilio cha mtoto. Hakikuwa kilio cha njaa, wala cha mtoto aliyeota vibaya. Kilikuwa chembamba, kinakatika, kinaanza upya, kilio cha mwili wenye homa, na kilitoka upande wa pili wa ua, nyumbani kwa Kaltun. Idil alikisikia akiwa macho, kichanga chake Mowlid kimemlalia kifuani, na moyo wake ukajaa mambo mawili yasiyokaa pamoja: huruma kwa mtoto na wivu kwa mama yake, kwa maana Kaltun ni mke mwenzake, mke mkubwa. Kulipokucha alijitanda mtandio, akambeba Mowlid mgongoni, akamshika mkono bintiye Abshiro wa miaka minne, akashika njia ya kliniki. Lakini kwa mtu wa bulla yao, mtaa wao, hakuna njia ya kliniki isiyopita kijiweni kwa Barwaqo. Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya madebe mawili, ukutani mwa kibanda cha taar, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali, ambayo mumeo akikunong'oneza neno, foleni nzima imekwisha kulisikia. Barwaqo anauza kahawa ya tangawizi hapo, na kwa kuwa masikio yake hayana mlango, watu humwita Mama Taar. Kulia kwake hukaa Olow, Daktari wa Mbuzi, mzee aliyewahi kuwabebea maafisa wa mifugo sanduku la dawa, na tangu hapo hajakubali kwamba kuna ugonjwa asioujua. Kushoto hukaa Ardo, muuza nguo, aitwaye Islii kwa sababu amefika Eastleigh, Nairobi, mara mbili, na kwa maneno bado hajarudi.

— Nabad, abaayo! Keti, dada, keti, kahawa ingali moto, — alisema Barwaqo, akisogeza birika. — Umesikia usiku?

— Nimesikia nini?

— Uwii! Bulla nzima haikulala, yeye anauliza nini!

— Fisi, — alisema Olow, akipuliza kikombe. — Fisi jike. Kiangazi kikikaza hivi wanaingia mpaka machinjioni.

— Fisi gani, adeer, anayemwita mama, "hooyo, hooyo"? — aliuliza Ardo. — Huyo ni jini. Islii kuna nyumba moja, ghorofa ya tatu, watu wakishalala...

— Juzi ilikuwa ghorofa ya pili.

— Ya tatu, Barwaqo.

— Ya pili! Hilo jengo lako linakua kama ndama wa ngamia.

Idil alicheka ili asiseme. Alijua vizuri ni nani aliyelia na kwa nini. Chanjo zilikuwa zimefika jana kutoka Nairobi ndani ya sanduku la barafu, leo mchana sanduku linaondoka kwenda Wajir, na Kaltun, ambaye wiki nzima alikuwa akisema hana haja na mambo ya bahari, ambaye jana alitoka na mwanawe akidai anakwenda kutafuta maziwa, kumbe alikwenda kumchanja. Kwa siri. Akamtangulia. Na kijiwe kikijua Idil ametanguliwa, jioni habari itakuwa imefika Kotile bila kupanda gari.

— Naona viatu vipya, — Ardo alisema, macho yake yakiwa miguuni mwa Idil. — Vya baharini hivyo?

— Vya kliniki.

— Ahaa! Kadi ya manjano! Angalia isije ikafuata nyekundu, ukatolewa uwanjani kabla hujaiona hiyo meli.

Barwaqo alikohoa, akabana pua kwa vidole viwili ili sauti itoke kama ya redio, akaanza kumwigiza Yahye, mume wa Idil na Kaltun, mpishi katika meli ya watalii inayotoka Mombasa. Maneno hayo Yahye aliyasema kwenye taar siku chache baada ya Idi, na Barwaqo ameyarudia mara nyingi kuliko mwenyewe:

— "Kampuni imenipa zawadi. Mke mmoja na watoto wake wadogo. Wiki mbili. Komoro, Madagaska, Shelisheli, chakula bure. Over. Lakini mtoto asiye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano haingii melini. Over. Basi yule ambaye watoto wake watakuwa na kadi, huyo ndiye nitampokea Mombasa. Over, over, over."

— Hakusema over mara tatu, — Idil alinung'unika.

— Ya tatu ni yangu.

— Mwanamume mzima! — Ardo alipiga paja. — Ana wake wawili, anashindwa kuchagua, anaiachia sindano imchagulie!

— Ana akili, — alisema Olow. — Akichagua yeye, atarudi nyumbani alale wapi?

Walicheka. Idil hakucheka, akaketi ukingoni mwa ubao, na alipofungua mdomo maneno yalimtoka yote kwa mkupuo kama maji ya jerikani iliyopasuka:

— Naogopa, wallahi naogopa. Abshiro si neno, Abshiro ni mkubwa, amedungwa sindano zote za kliniki na hakufa. Lakini huyu, huyu hata kukaa bila mto hajakujua vizuri, na nisipokwenda Yahye hatamwona, hajamwona hata siku moja, alikuwa baharini tangu kabla hajazaliwa. Na nikienda naye bila kadi watatushusha Mombasa mbele za watu, na nikimchanja...

— Ukimchanja?

Wiki iliyopita nesi wa kliniki, mama mmoja mpole, alimweleza taratibu: mtoto akishatimiza miezi tisa ndipo anadungwa chanjo hii, kabla ya hapo chanjo yenyewe inaweza kumpanda ubongoni. Mowlid ana miezi saba. Lakini leo anayedunga si nesi yule, ni mgeni aliyekuja na sanduku, na Mowlid ni mtoto wa mashavu, ana meno mawili, na nani ataomba cheti cha kuzaliwa hapa? Tangu alfajiri, tangu kilio kile, Idil alikuwa amebeba neno moja chini ya ulimi. Kumi. Ana miezi kumi. Basi. Akalimeza tena, akaikubali kahawa.

— Nikueleze kitu, — alisema Olow, akijiweka sawa. — Mimi nimechanja mbuzi kutoka Kotile mpaka Diff.

— Ulibeba sanduku, — Barwaqo alimkumbusha.

— Anayebeba sanduku ndiye anayechanja. Yule mwingine anashika sindano tu. Sikiliza, Idil. Mbuzi wa kukaa nyumbani huchanjwa? Hachanjwi. Anachanjwa wa kuuzwa. Kwanza sindano, halafu alama sikioni, halafu meli, halafu Jeddah.

— Adeer! Unasema Yahye anamuuza mkewe Jeddah?

— Sisemi hivyo. Nasema tazama sikio la mtoto wakishamaliza.

Abshiro akashika sikio lake.

— Achana na mbuzi, — Ardo aliingilia. — Hatari yenyewe mimi nimeiona. Islii, mama mmoja alikuwa anakwenda Kanada, mwanawe akadungwa Ijumaa. Jumamosi mtoto anaamka, Kisomali kimetoka chote. Anaongea Kiingereza kitupu! Bibi yake anampa maziwa ya ngamia, anasema "no". Anataka mayai.

— Kwa sindano moja?

— Moja. Angepigwa mbili angeomba kazi benki.

— Si lugha wala mayai, — alisema Barwaqo, akishusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. — Ni damu. Huko Shelisheli jua liko chini, ndiyo maana wazungu wanalifuata. Damu yetu sisi ni nyepesi, bahari ikivuta inakwenda. Sindano inaifanya nzito, kama samli ya asubuhi ya baridi, ikae mahali pake. Kwa mtu mzima, sawa. Lakini mtoto mchanga damu yake yote ni kikombe hiki. Ikiganda, nani ataiyeyusha?

— Ni homa tu, — Idil alisema, sauti ya darasani ikimrudia kidogo. — Homa ya manjano. Inaletwa na mbu.

— Mbu! — Olow aliruka. — Mbu wa baharini atatua wapi? Juu ya samaki?

— Melini, adeer, — alisema Ardo. — Wanafugwa mle mle melini. Chini kabisa, kwenye giza. Wazungu wanawafuga ili wapate kuuza sindano.

— Basi Yahye anawapikia mbu?

— Unafikiri kwa nini hajawahi kutuambia anapika nini?

Hapo hata Idil alicheka, akamwaga kahawa kidogo kwenye viatu vipya. Lakini kicheko kilipokufa, kilichobaki ubaoni ni kile ambacho kilikuwepo tangu mwanzo, chini ya mbuzi na mayai na mbu.

— Mimi kama ni mimi, — alisema Ardo polepole, — nidungwe begani, nidungwe mgongoni, nidungwe kisiginoni. Wiki mbili bila kuwasha moto! Unaamka, mtu anakuuliza utakunywa nini. Na mwenye bahati yenyewe anatetemeka kama anapelekwa gerezani.

— Meli niliyowahi kuiona mimi, — alisema Barwaqo, — ni ile ya kalenda ya duka la Jama. Na Jama ameiondoa, mwaka umekwisha.

— Ungemwachia Kaltun, — alisema Olow, bila ubaya, na kwa hiyo ikauma zaidi.

— Kaltun alishafika Mombasa na Yahye, — Barwaqo alisema, akimtazama Idil kwa pembe ya jicho. — Mwaka ule wa kwanza. Si wana picha? Wamesimama chini ya zile pembe kubwa za ndovu za barabarani, yeye amevaa nguo ya maua. Picha nzuri.

Idil anaijua picha hiyo kuliko anavyoujua uso wake. Iko ukutani kwa Kaltun, juu ya kitanda, na kila alipokwenda kuomba chumvi ilimtazama, Yahye akiwa kijana, mwembamba, Yahye ambaye Idil hakupata kumjua, mpaka akaacha kuomba chumvi upande ule na kwenda kuomba nyumba ya nne. Kaltun ana Yahye wa picha. Kaltun ana koti lake la zamani nyuma ya mlango. Kaltun anajua alivyokuwa akicheka kabla hajawa mtu wa baharini. Sasa awe na Yahye wa melini pia?

— Mwache mtoto, nenda na binti, — Ardo alishauri.

— Ananyonya.

— Niachie mimi, — alisema Barwaqo. — Nina ngamia amezaa juzi. Hatampendelea ndama wake.

— Au umwachie Kaltun! — Ardo alicheka. — Lakini harakisha. Akisikia unaogopa sindano, utamkuta kliniki yeye wa kwanza kwenye foleni.

Idil aliweka kikombe chini. Akasimama, akakaza leso iliyomshika Mowlid mgongoni, na lile neno likarudi chini ya ulimi, tayari, zito. Kumi. Hatua moja tu alikuwa ameipiga, pale Kaltun alipotokea pembeni ya kibanda.

Kaltun hakuwa mtu wa kijiwe. Husema wanaokaa pale ni watu wasio na sufuria motoni. Asubuhi hiyo mtandio wake ulikuwa umefungwa upande, amembeba Jelle mgongoni, mtoto wa miaka mitano asiyebebwa tena, miguu yake mirefu ikining'inia mpaka magotini mwa mama, kichwa kimelala begani, macho mekundu.

— Nabad, — alisema.

— Nabad, Kaltun! Leo mwezi umechomoza mchana! — Barwaqo alikuwa ameshanyanyua kikombe kisafi.

— Adeer, — Ardo alimnong'oneza Olow, — fisi wako huyu hapa, amevaa kaptura.

Kaltun hakukaa. Macho yake yalikutana na ya Idil, yakakwepa, yakarudi kwa wengine.

— Nyinyi ndio watu mnaojua mambo. Niambieni. Homa ya chanjo hukaa siku ngapi?

Barwaqo alitazama birika. Olow alitazama ndani ya kikombe, kana kwamba jibu limezama kwenye machicha. Ardo alifungua mdomo akaufunga, kwa maana hata Eastleigh haikuwa na ghorofa ya swali hilo. Watu watatu waliojua mbu wanafugwa wapi na damu ya mtoto inajaza kikombe gani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza siku ya pili inakuwaje.

— Chanjo gani, abaayo? — Barwaqo aliuliza mwishowe, sauti yake imelainika kama ya mtu aliyeokota pete njiani.

— Ya kadi. Jana.

Vichwa vitatu vikageuka kwa Idil, vikageuka kwa Kaltun, vikarudi kwa Idil. Aibu ilimpanda Idil usoni, mbele yao wote, vile vile alivyoiogopa.

Ni Olow aliyeupata ulimi kwanza.

— Homa iliyolala ndani usiku kucha inachomwa. Hata kwa ndama ni hivyo hivyo. Chuma unacho?

— Kipo kwenye makaa. Nimesema niulize kwanza.

— Umeshauliza. Nenda umchome pembeni ya kitovu, kulia mara moja, kushoto mara moja. Atalia, kisha atalala.

Kaltun akaitikia kwa kichwa, akamnyanyua Jelle mgongoni, akageuka.

Na Idil alikuwa na jibu. Alikuwa nalo lote, tangu wiki iliyopita, alilopewa na nesi yule mpole neno kwa neno. Hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Alihitaji kunywa kahawa tu. Chuma kitafanya kazi yake, tumbo la mtoto litatoka vidonda, na kadi au si kadi, Yahye hatampokea mtoto mwenye vidonda vibichi kwenye meli ya watalii. Na hakuna hata mmoja duniani atakayesema ni Idil. Alinyanyua kikombe. Akanywa. Ilikuwa imepoa, chungu, tangawizi tupu.

Jelle aliinua kichwa kutoka begani, akamwona Abshiro, rafiki yake wa kuchimba mchanga.

— Abshiro, mimi nimedungwa, — alisema kwa sauti ya kukwaruza. — Nimelia kidogo tu.

— Umelia sana, — alisema Abshiro. — Tumesikia. Hooyo alikuwa macho.

Macho ya kijiwe yakamrudia Idil. Ya Kaltun pia.

— Usimchome! — Idil alisema, na baada ya hapo hakuweza kujizuia. — Usimchome, abaayo, kitoe hicho chuma motoni, homa ya chanjo hii ni siku mbili tatu basi, nesi kaniambia, mkono utamuuma, mwili utakuwa na joto, mpe maji, mpanguse kwa kitambaa cha maji, mpe dawa ya homa ya kiasi chake, na asipokunywa, au akiwa mzito kuamka, au mwili ukimkakamaa, hapo unakimbia naye kliniki hungoji mtu, lakini chuma hapana, chuma kitampa kidonda juu ya homa, atakuwa na viwili!

— Umejuaje?

— Niliuliza.

Kaltun alisimama pale pale, miguu ya Jelle ikibembea.

— Mimi sikuuliza, — alisema. — Aliongea haraka, Kiswahili cha Nairobi. Niliogopa akijua sikumwelewa atasema sifai kusafiri.

— Twende amtazame. Mimi nitauliza.

— Na kahawa? — Barwaqo alipiga kelele nyuma yao. — Idil! Umebakiza nusu!

— Mpe Islii!

— Basi turudishieni nusu ya habari!

Walitembea bega kwa bega, wake wawili wa mtu mmoja, Abshiro akishika kidole cha mguu wa Jelle ili naye ajue wako pamoja. Kliniki ilikuwa na foleni fupi. Nesi mgeni, mwanamke wa bara mwenye miwani, aligusa paji la Jelle, akamfunua mkono, akamtazama kooni na machoni.

— Ni homa ya kawaida. Amekunywa maji? Ameamka vizuri? — aliuliza nesi. Idil alitafsiri, Kaltun akajibu, Idil akarudisha jibu. — Basi. Kesho kutwa anacheza. Mama, kwa nini jana hukuuliza?

Idil hakulitafsiri swali hilo. Kaltun alilielewa hata hivyo.

Nesi alimpa chupa ndogo ya dawa ya maji, kisha akamgeukia Idil, kalamu mkononi.

— Na wewe? Kichupa kimeshafunguliwa, kikibaki namwaga. Huyu msichana sawa. Huyu wa mgongoni ana miezi mingapi?

Lilikuwa swali rahisi kuliko yote ya siku ile. Neno lilikuwa tayari. Idil alisikia pumzi ya Mowlid shingoni, joto la usingizi, mkono mmoja umeshika uzi wa leso, na alisikia pia sauti ya mawimbi asiyowahi kuyasikia, na Yahye anashuka ngazi ya meli anasema, nipe, nipe nimshike.

Kaltun hakumtazama. Alikuwa akifunga kizibo cha chupa ya dawa. Alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea:

— Anaitwa Mowlid.

Jina lilitosha. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Maulidi akapewa jina la mwezi, na Idi ya Ramadhani imepita juzi tu. Mtu yeyote kwenye foleni ile angehesabu kwa vidole vya mkono mmoja na viwili vya mwingine. Kama Kaltun aliyasema hayo kwa wivu, ili Idil asipande meli, au aliyasema kwa ajili ya kichwa kile kidogo kilicholala, Idil hakujua. Huenda Kaltun mwenyewe hakujua.

— Saba, — alisema Idil.

— Basi bado. Mlete akitimiza tisa. Nimdunge msichana peke yake?

— Mimi sisafiri, — Idil alisema, na mara tu alipolisema aliiona meli ikiondoka, nyeupe, kubwa, na taa zote zimewashwa, na hakuna mtu aliyempungia mkono.

Nje, Kaltun alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, lakini mashavu yalimsaliti.

— Cheka tu, — alisema Idil. — Ningekuwa mimi ningecheka mpaka sokoni.

— Sicheki.

— Unacheka, abaayo.

— Kidogo, — Kaltun alikubali. — Ulitaka kumwambia ngapi?

— Kumi.

— Subhanallah, Idil.

— Na wewe ulipita na Jelle nyuma ya machinjio ili nisikuone. Ulisema maziwa!

— Nilikuona ukishona nguo ya safari. Mlango wazi, taa imewaka, unaimba. Nikasema huyu ana kidato cha nne, ana meno yote, ana mtoto ambaye baba yake anamuota bila kumwona. Mimi nina nini? Picha moja.

— Ile ya pembe.

— Ile. Umewahi kuitazama vizuri? Hata hanitazami mimi. Anatazama gari linalopita.

Idil alisimama katikati ya njia. Miaka yote ile ya kwenda kuomba chumvi nyumba ya nne, na hakuwahi kuona gari. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha pua, na Kaltun naye akashindwa, na watu wawili waliokuwa wakishusha marobota ya nguo wakageuka kuwatazama wake wa Yahye wakiegemea ukuta mmoja.

— Jioni akiita kwenye taar, — Kaltun aliuliza akijipangusa macho, — utamwambiaje?

— Nitasema Kaltun yuko tayari. Over.

— Na kijiwe?

— Kijiwe kina majibu yake. Nikifika nitakuta nimerogwa.

— Usimwambie Yahye habari ya chuma. Atasema mimi ni mshamba.

— Na wewe usimwambie habari ya kumi.

— Simwambii.

Walikuwa wamefika kwenye ua, pale njia inapogawanyika, kulia mlango wa Kaltun, kushoto wa Idil. Abshiro na Jelle walikuwa wamekwisha kaa chini kivulini, Jelle akionyesha mahali alipodungwa kwa fahari ya mtu aliyerudi vitani. Idil alimshusha Mowlid mgongoni. Mtoto alifumbua jicho moja, akalifumba.

— Yahye atakuuliza habari zake, — alisema Idil, na sasa alikuwa anaongea haraka tena, akitazama chini. — Atakuuliza anafanana na nani. Unaona masikio? Yametoka nje hivi, na ile namna yake ya kukunja pua kabla hajacheka.

— Ni Yahye mtupu, — alisema Kaltun. — Nimeona tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana sikuja kumbeba.

— Usimwambie. Wiki mbili utakuwa naye, mwambie yote mengine, mwambie anakula, ana meno. Lakini masikio usimwambie, na pua usimwambie. Hayo ni yangu. Sema hukumtazama vizuri. Akitaka kujua, aje mwenyewe aone.

Kaltun aliuweka mtandio begani vizuri zaidi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, alinyoosha kidole akaligusa sikio la Mowlid, polepole, ukingoni.

— Simwambii, — alisema. — Wallahi. Wala yeye, wala mtu mwingine yeyote.